Kwa Nini Butabika Haiishi Kujaa

Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Magonjwa ya Akili ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955, Uganda ikiwa bado chini ya Waingereza, na sensa iliyofanyika miaka minne baadaye ilihesabu watu milioni sita na nusu. Sensa ya 2024 imehesabu karibu milioni 46. Katika muda wote huo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili imebaki moja, ileile, mashariki mwa Kampala, upande wa Luzira, karibu na Ziwa Viktoria. Vitanda vyake rasmi ni 550, na mara nyingi waliolazwa hupita mia nane. Anayekosa kitanda hulala kwenye godoro sakafuni.

Msomaji wa takwimu hizo huwa na jibu mkononi: vitanda viongezwe. Jibu hilo lina ukweli wake. Lakini ukimuulizia kila mgonjwa aliyelala sakafuni ametoka wapi, ameletwa na nani, hii ni mara yake ya ngapi, na kwa nini hajarudi kwao ilhali daktari amekwisha kumruhusu, utaona kwamba Butabika hujazwa na mambo yanayotokea mbali na Butabika. Kuna kituo cha afya kilichoishiwa vidonge, kuna nauli, kuna sheria, kuna ndugu ambaye simu yake haipatikani tena. Msongamano wa wodini ni mwisho wa safari ndefu, na safari hiyo ndiyo inayohitaji kuelezwa.

Tuanzie nyuma kidogo. Kabla ya Butabika, watu walioonekana kuwa na wazimu na kusumbua mitaani waliwekwa katika gereza la Hoima, magharibi mwa nchi, miaka ya 1920. Mwaka 1934 wakatengewa mahali pao Mulago, Kampala. Gereza kwanza, hospitali baadaye: mpangilio huo unaeleza mengi. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kujua sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ya mkulima wa Mbale. Ilitaka mtu anayevua nguo sokoni aondolewe sokoni. Sheria ya matibabu ya akili ya 1938, iliyoandikwa upya mwaka 1964 bila kubadilika sana, ilishughulika zaidi na namna ya kumkamata mtu, kumfikisha kwa hakimu na kumzuia, na kidogo sana na namna ya kumtibu akiwa kwao. Majengo yakaifuata sheria. Likajengwa eneo moja kubwa la kuwakusanya, na huko wilayani hakikujengwa kitu.

Uhuru ulileta matumaini ambayo hayakudumu. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Makerere kilipata profesa wake wa kwanza wa magonjwa ya akili, Allen German, na hospitalini alikuwapo Stephen Bosa, mmoja wa Waafrika wa kwanza katika eneo letu kupata ubingwa huo. Kampala ikaanza kusifika kwa utafiti na mafunzo ya fani hiyo. Kisha likaja jeshi la Idi Amin. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972 wataalamu wa kigeni nao wakatawanyika, na raia wenye elimu wakafuata njia hiyohiyo au wakauawa, hata ikafika mahali hospitali ya mamia ya wagonjwa ikawa haina daktari wa kutosha kuzunguka wodi zake.

Katika upungufu huo likazaliwa jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni bora kuliko yote yaliyowahi kufanyika hapo. Hospitali ilianza kufundisha matabibu wa magonjwa ya akili, yaani watu ambao si madaktari wa shahada bali wamesomea mahususi kumpima mgonjwa wa akili, kumwandikia dawa na kumfuatilia. Tabibu huyo humaliza masomo mapema, hugharimu kidogo, na hakubaliki kirahisi katika hospitali za ng'ambo, kwa hiyo hubaki nchini. Leo ukikutana na mtu anayetibu kichaa au kifafa katika mji mdogo wa Uganda, ana uwezekano mkubwa wa kuwa tabibu wa namna hiyo au muuguzi, maana madaktari bingwa wa akili kwa nchi nzima wanakadiriwa kuwa hamsini hivi, na wengi wao wako Kampala.

Sasa tumtazame mgonjwa mwenyewe anavyofika. Tuseme ni kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka kijiji cha Busoga, mashariki mwa Uganda. Miezi mitatu amekuwa halali, anazungumza na watu wasiokuwapo, anamtuhumu mama yake kwamba anamtilia sumu katika chakula. Familia haikuanzia hospitali. Imekwenda kwanza kwa mganga, kwa sababu mganga yuko karibu, huongea lugha yao, hukubali kulipwa kidogo kidogo, na zaidi ya yote huwaeleza kwa nini jambo hili limewapata wao. Daktari Catherine Abbo wa Makerere alipowachunguza watu waliokuwa wakitibiwa na waganga wa Jinja na Iganga, hukohuko Busoga, alikuta kwamba 60 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa akili unaotambulika kitabibu. Kwa maana nyingine, huduma kubwa zaidi ya afya ya akili vijijini ni ya waganga, na hospitali ya taifa hupokea wale ambao hirizi na mitishamba vimeshindwa kuwatuliza, tena wakiwa wamefika hatua ya juu kabisa. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba watu hawachagui upande mmoja: wengi hutumia dawa za mganga na za hospitali kwa pamoja. Anayedhani ataifunga milango ya waganga kwa amri na foleni ya hospitali ikapungua hajaijua foleni hiyo.

Siku kijana anapompiga jirani kwa mpini wa jembe, mambo huharakishwa. Hufungwa kamba mikono, hupakiwa kwenye gari la kukodi au la polisi, na safari ya Kampala inaanza. Kamba hiyo hufunguliwa mapokezi. Muuguzi huangalia kwanza alama zilizoachwa kwenye vifundo vya mikono, maana kuna wanaofika na vidonda vilivyooza kwa kufungwa kwenye mti kwa majuma, na vidonda hivyo vinahitaji dawa kabla ya akili kuhudumiwa. Halafu huja sindano ya haloperidoli au klopromazini, dawa kongwe zenye umri unaolingana na hospitali yenyewe, na kijana analala usingizi ambao hajaupata kwa miezi.

Dawa hizo hufanya kazi. Hilo lisemwe waziwazi, kwa kuwa wapo wanaodhani hospitali za namna hii ni boma tu la kuwafungia watu. Sauti anazozisikia mgonjwa hupungua, hofu hushuka, na baada ya majuma machache wengi huweza kukaa na kuzungumza na ndugu zao. Lakini haloperidoli ina yale ambayo wahudumu huyaita maudhi madogo madogo, na kwa anayeyapata si madogo: shingo hukakamaa, ulimi hujipinda, mikono hutetemeka, mate humtoka, mwendo unakuwa kama wa mzee. Kuna kidonge cha kuyatuliza, benzeksoli, ambacho ni cha bei ndogo na ambacho kikiisha kwenye stoo mgonjwa huacha dawa yote. Kijijini, mama akimwona mwanawe anatetemeka na kudondosha mate, husema hospitali ndiyo iliyomharibu. Kwa alichokiona kwa macho yake, hana kosa.

Ndani ya uzio huo kuna zaidi ya wodi za vurugu. Kuna wodi ya watoto, kuna kitengo cha walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, kuna kliniki ya wagonjwa wa nje, na kuna wagonjwa wengi wa kifafa, ugonjwa ambao si wa wazimu hata kidogo lakini ambao katika nchi nyingi za Afrika umekabidhiwa wahudumu wa afya ya akili kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Kifafa kinastahili makala yake. Hapa itoshe kusema kwamba kidonge cha fenobabitoni, kati ya dawa za bei nafuu kabisa duniani, kinaweza kumwezesha mtoto kukaa darasani bila kuanguka, na kwamba mtoto anayekikosa huangukia motoni jikoni huku majirani wakiogopa kumshika kwa imani kwamba povu lake huambukiza.

Huduma katika hospitali za serikali za Uganda hazilipiwi tangu 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia. Kwa familia ya mkulima hilo lina matokeo ambayo waliopanga hawakuyakusudia. Butabika chakula ni bure, dawa kwa kawaida zipo, na daktari yupo. Kituo cha afya cha kwao nacho ni cha bure, ila bure ya pale mara nyingi ni karatasi yenye jina la dawa ya kwenda kununua. Mtu mwenye akili timamu, akipima mizani hiyo, atampeleka ndugu yake Kampala.

Hapa ndipo penye fundo. Kijana wetu wa Busoga ameruhusiwa baada ya majuma manne, amepewa dawa za mwezi mmoja na barua ya rufaa. Mfumo wa Uganda una ngazi: kituo cha afya cha ngazi ya pili, ya tatu na ya nne, kisha hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ya mkoa. Vile vya ngazi ya pili na ya tatu havijiagizii dawa. Bohari ya taifa ya dawa huvipelekea maboksi yaliyokwisha kupangwa, na kilichomo ndani kimeamuliwa kabla kijana wetu hajaugua. Malaria inapata nafasi yake, kwa haki, na dawa za akili ni chache au hakuna. Sindano ya flufenazini, inayokaa mwilini karibu mwezi mzima na kumwondolea mtu kazi ya kumeza vidonge kila siku, ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, pengine Jinja. Jinja ni nauli ya bodaboda hadi barabarani na ya matatu kutoka hapo, kwenda na kurudi, kwa mgonjwa na kwa anayemsindikiza, kila mwezi, kwa maisha yote. Mwezi wa kwanza watakwenda, na wa pili pia. Mwezi wa tatu mvua imenyesha, watu wako shambani, na kijana mwenyewe anasema amepona. Mwezi wa tano amefungwa kamba tena.

Wahudumu wa Butabika wanawajua wagonjwa hawa kwa majina, kwa kuwa hurudi. Kila anayerudi anachukua kitanda ambacho kingemfaa anayekuja mara ya kwanza, tena hurudi akiwa na hali nzito kuliko alivyokuwa, kwa kuwa kila mara ugonjwa unaporejea huchukua muda mrefu zaidi kutulia. Kwa hiyo kitanda cha Kampala hupotea kwa sababu ya kidonge kilichokosekana umbali wa kilomita mia moja na zaidi.

Na kwa nini kidonge kinakosekana? Tathmini ya mfumo wa afya ya akili wa Uganda iliyochapishwa mwaka 2010 ilionyesha kwamba afya ya akili ilikuwa ikipata asilimia 1 tu ya matumizi ya afya, na zaidi ya nusu ya asilimia hiyo iliishia katika hospitali moja, Butabika. Watumishi wote katika vituo vya afya ya akili walikuwa 310. Kati ya madaktari wa nchi, waliosomea magonjwa ya akili hawakufika mmoja katika mia, na kati ya wauguzi walikuwa wanne katika mia. Takwimu hizo zina umri sasa, lakini umbo lake halijabadilika. Hospitali kubwa hula fungu, vituo vidogo vikabaki vikavu. Vikiwa vikavu, wagonjwa humiminika kwenye hospitali kubwa. Na kwa kuwa imejaa, hakuna waziri anayeweza kusimama bungeni kuomba fungu lake lipunguzwe. Kila mwaka hoja ya kuipa Butabika zaidi ina nguvu kuliko mwaka uliopita, na kila mwaka ni kweli.

Wako wanaosema basi ifungwe, kama Italia ilivyoamua mwaka 1978 kuanza kufunga hospitali zake za vichaa. Sioni jinsi hilo linavyowezekana katika nchi ambayo hospitali hiyo ndiyo shule ya matabibu wake na ndiyo mahali pekee ambapo tabibu wa mkoani anaweza kumpeleka mgonjwa aliyemshinda. Kinachoweza kubishaniwa ni shilingi inayofuata ikaanguke wapi.

Katika miaka ya 2000, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, serikali ilikarabati Butabika na kujenga vitengo vya afya ya akili katika hospitali za rufaa za mikoa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, hasa kaskazini, Gulu na kwingineko, ambako vita vya waasi wa Joseph Kony vilikuwa vimewaacha watu na makovu ambayo hayaonekani kwa eksirei. Majengo yalikamilika, wa kufanya kazi ndani yake, na dawa za kujaza makabati yake, vikafuata polepole. Butabika yenyewe hutoka nje ya uzio kufanya kliniki katika vitongoji na miji ya karibu, kama Nansana, Kawempe, Kitetika na Nkokonjeru, ili mgonjwa aliyeruhusiwa apate sindano yake bila kupanda magari mawili. Kliniki hizo hazipigwi picha na wageni. Hata hivyo, kila anayechomwa sindano pale ni godoro moja lililobaki tupu.

Lipo pia jambo la wasioondoka. Baadhi ya waliolazwa wamepona na wameruhusiwa, ila ndugu waliandika anwani isiyokuwapo au wamehama. Wengine waliletwa na mahakama: mtu aliyetenda kosa akiwa na ugonjwa wa akili, chini ya sheria za zamani, alikuwa akizuiliwa kungoja amri ya waziri, na amri hiyo ingeweza kungojwa kwa miaka bila mtu yeyote kulaumiwa. Mwaka 2015 mahakama za Uganda zilikemea utaratibu huo, pamoja na lugha ya sheria iliyowaita watu hao vichaa wahalifu. Bunge nalo likapitisha Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, ambayo iliiondoa ile ya 1964, ikaunda bodi ya kusimamia huduma, na ikataka matibabu yatolewe pia katika vituo vya ngazi za chini. Kwa mara ya kwanza sheria inamtambua mgonjwa anayekuja mwenyewe kwa hiari yake. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini ya uhuru kufikia hapo, na bado bajeti haijaisoma sheria hiyo.

Msongamano huzaa makosa, na makosa ya Butabika yameandikwa. Ripoti ya watetezi wa haki za wagonjwa ya mwaka 2014 ilieleza wodi zilizofurika na vyumba vya kuwafungia wagonjwa peke yao. Kumfungia mtu mwenye hofu katika chumba kitupu ni kumwongezea hofu, na hakuna hali inayokihalalisha kitendo hicho. Nitaongeza tu kwamba wauguzi wawili wa zamu ya usiku wanapokuwa na wodi ya wagonjwa mia moja, chumba chenye komeo huanza kuonekana kama mtumishi wa tatu. Ndiyo maana kulaani chumba pasipo kuhesabu wauguzi hakujawahi kukiondoa.

Njia nyingine iliyojaribiwa inastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa haikuhitaji kitanda. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo lililoumizwa vibaya na ukimwi, watafiti waliwauliza wanakijiji wenyewe huzuni isiyoondoka inaitwaje. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda, okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubaziga, yaani kujihurumia. Kisha watu wa kawaida wa eneo hilo, wasio wauguzi, walifundishwa majuma mawili kuongoza vikundi vya mazungumzo, na vikundi vikakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na sonona mwishoni walikuwa chini ya 7 katika 100, na katika vijiji visivyokuwa na vikundi walizidi nusu. Skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwapo kama wa kijana wetu, haiponi kwa mazungumzo, na yeye bado anahitaji sindano yake. Lakini wengi wenye sonona hawakuwahi kuhitaji kuvuka lango la hospitali.

Wazo hilohilo la kumtumia mtu wa kawaida limeingia Butabika kwa mlango mwingine. Kwa ushirikiano na huduma za afya ya akili za mashariki mwa London, ulioanza mwaka 2005, watu waliowahi kulazwa walifundishwa kuwatembelea wanaotoka wodini. Anayekuja nyumbani kwako na kusema, mimi nami nilifungwa kamba, nilitetemeka, sasa nafanya kazi, anasikilizwa na mama wa kijana kuliko daktari yeyote. Na kwa jina lilivyo, hiyo si kazi ndogo. Kampala, "Butabika" ni tusi, kama Mirembe kwetu Bara, Mathari kwa Wakenya na Kidongo Chekundu kwa watu wa Unguja. Aliyewahi kulazwa humo hupata tabu ya kupanga chumba, kuoa, hata kusadikiwa anaposema tumbo linamuuma.

Hospitali ina gari la kuwarudisha makwao wale ambao hawakuja kuchukuliwa. Mhudumu anayesafiri nalo huwa na mfuko wa dawa za mgonjwa, barua ya kituo cha afya, na maelekezo ya njia ambayo mgonjwa ameyatoa kwa kumbukumbu: baada ya kanisa, mwembe mkubwa, kushoto. Mara nyingine mwembe umekwisha kukatwa, na gari linasimama kijijini watu wakilizunguka, wakitafuta nani anamjua huyu. Anapopatikana shangazi au kaka, dawa zinahesabiwa mbele yake kidonge kwa kidonge, na anaoneshwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Swali lake la kwanza huwa ni kituo gani atakwenda dawa hizi zikiisha.